Leo Kanner: Mtoto wa mpakani aliyeupa usonji jina

Aliyezoea kuamka alfajiri ili awahi foleni ya forodha atauelewa upesi mji wa Brody. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mpakani, upande huu dola ya Austria, upande wa pili dola ya Urusi, na hadi mwaka 1879 mali iliingia humo bila kutozwa ushuru. Wafanyabiashara wake, wengi wao Wayahudi, walibadili lugha kama wanavyobadili fedha: Kiyidi nyumbani, Kiukraini na watu wa vijijini, Kipolandi na Kijerumani shuleni na ofisini.

Karibu na mji huo, katika kijiji cha Klekotów, ndipo alipozaliwa Leo Kanner, Juni 13, 1894. Siku hizi eneo hilo liko nchini Ukraine. Mtoto huyo wa mpakani alikuja kuwa daktari, akahama nchi mara mbili, akajifunza kazi upya ugenini, na mwaka 1943 akaandika makala iliyoufanya ulimwengu uanze kuitambua hali tunayoiita usonji, au tawahudi kama wengine wanavyosema.

Tunayasimulia maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, alionyesha faida ya kumtazama mtoto kwa makini kabla ya kumhukumu. Pili, yeye mwenyewe aliteleza akawatwisha akina mama lawama isiyo yao, na lawama ya namna hiyo bado inasikika katika nyumba nyingi, mijini na vijijini.

Safari ya Berlin na Marekani

Mwaka 1906, akiwa na miaka 12, Kanner alipelekwa Berlin kuishi kwa jamaa yake, na familia ikamfuata baadaye. Alipenda mashairi na alitamani kuwa mshairi, lakini mwaka 1913 aliingia Chuo Kikuu cha Berlin kusomea udaktari. Vita Kuu ya Kwanza ilimkatiza masomo, akatumika katika kikosi cha tiba cha jeshi la Austria. Alihitimu mwaka 1921, mwaka uleule aliomuoa June Lewin, akaanza kazi ya kupima moyo katika hospitali ya Charité.

Mwaka 1923 fedha ya Ujerumani iliporomoka. Mshahara uliopokelewa asubuhi haukutosha kununua mkate jioni. Kanner, mwenye mke na mtoto, alikubali kazi ya ng'ambo, na mwaka 1924 akawasili Yankton, katika jimbo la South Dakota, kwenye hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili.

Hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alijifunza palepale kazini, kwa kukaa na wagonjwa, kusikiliza, kutazama na kuandika. Wengi waliorudi nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi wanaijua hali hiyo: cheti ulicho nacho hakikusaidii sana, lugha unaiokota njiani, na heshima unaianza upya. Mwaka 1928 aliitwa katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Miaka miwili baadaye alikabidhiwa kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto ndani ya hospitali hiyo, na mwaka 1935 akachapisha kitabu cha kufundishia fani hiyo, cha kwanza kwa Kiingereza.

Kabla ya hapo, mwaka 1928, alikuwa ametoa kitabu kisicho cha kawaida kwa daktari. Kilihusu imani za watu wa mataifa mbalimbali juu ya meno. Sisi tunaosema Kiswahili tunalo neno kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Zamani alihesabiwa nuksi, na wapo waliotupwa porini kwa ajili hiyo. Kosa lake lilikuwa meno kutokea upande usiotarajiwa, basi. Daktari aliyechunguza imani za namna hii alikuwa anajifunza, bila kujua, jambo ambalo angelikuta tena kwa watoto wasiosema: jamii isipoelewa hali ya mtoto, huizulia sababu.

Waliotolewa ili watumikishwe

Mwaka 1937 jina la Kanner lilifika magazetini. Karibu na Baltimore kulikuwa na chuo cha serikali kilichoitwa Rosewood, kilichowahifadhi watu wenye ulemavu wa akili. Wakili mmoja aligundua mbinu ya kuwatoa kwa amri ya mahakama. Matajiri wa mjini walimlipa wakili, wakachukua wasichana, wakawafanya watumishi wa nyumbani bila mshahara. Aliyewachosha walimfukuza, wakaenda kumchukua mwingine.

Kwa mbinu hiyo walitolewa watu 166. Kanner na mwenzake wa ustawi wa jamii walizunguka mitaani kuwatafuta, wakakuta wengi wameishia katika ukahaba, magonjwa, jela na ufukara, na wengine wamekufa. Aliitangaza habari hiyo mbele ya mkutano wa madaktari wenzake, bila kujali kwamba waliohusika walikuwa wakubwa wa mji.

Miaka mitano baadaye alisimama tena. Mwaka 1942 daktari mashuhuri wa New York, Foster Kennedy, aliandika kwamba watoto wenye ulemavu mkubwa kabisa wa akili wangeweza kuuawa bila maumivu, kwa kuwahurumia. Kanner alimjibu katika jarida lilelile la madaktari. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: watu wanaodharauliwa kwa akili ndogo ndio wanaozoa taka, wanaofanya kazi ambazo wasomi hawazitaki, na jamii haiwezi kuishi bila wao. Aliyajua pia yaliyokuwa yakitendeka Ujerumani, ambako tangu mwaka 1939 utawala wa Hitler uliwaua watoto na watu wazima wenye ulemavu. Katika miaka hiyo hiyo Kanner aliwasaidia madaktari wengi wa Kiyahudi kukimbilia Marekani.

Donald aja Baltimore

Oktoba 1938 wazazi wawili kutoka mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, walimleta mtoto wao wa miaka mitano. Baba alikuwa mwanasheria, mama alitoka katika familia yenye benki mjini hapo. Kabla ya safari baba alikuwa amemtumia Kanner barua ya kurasa 33 iliyopigwa taipu, akieleza kila alichokiona kwa mwanawe.

Mtoto huyo, Donald, alikuwa na furaha zaidi akiwa peke yake. Mama akitoka au akirudi, hakujali. Alizungusha vitu sakafuni, sufuria na vibao, akirukaruka kwa raha vinapozunguka, na akilia kwa hasira mtu akimkatiza. Kabla hajatimiza miaka mitatu aliweza kukariri Zaburi ya 23 na kutaja marais wa Marekani, lakini kuulizwa swali dogo tu na kulijibu lilikuwa jambo gumu. Alirudia maneno ya wengine kama alivyoyasikia. Alipotaka kitu hakusema nataka, alisema unataka, kwa sauti ya mama yake.

Mwaka 1937, kwa ushauri wa madaktari, wazazi walikuwa wamempeleka katika kituo cha watoto mbali na nyumbani. Aliingia akiwa mtoto mwenye vituko, na baada ya muda akawa mtoto anayekaa tu bila kujishughulisha na lolote. Mama hakuvumilia. Baada ya takriban mwaka mmoja walikwenda kumtoa, ingawa wakuu wa kituo waliwashauri wamwache.

Kanner hakujifanya anajua. Ugonjwa aliouona haukuwa katika kitabu chochote, hata katika kitabu chake mwenyewe. Akaanza kukusanya habari za watoto wengine waliofanana na Donald. Katika kazi hiyo alikuwa na msaidizi wa thamani, Georg Frankl, daktari Myahudi aliyekuwa ametokea Vienna, ambako yeye na Anni Weiss, aliyekuja kuwa mkewe, walikuwa wamewatazama watoto wa namna hiyo katika kliniki moja na Hans Asperger. Tena katika miaka ya 1920, huko Moscow, daktari mwanamke Grunya Sukhareva alikuwa ameandika juu ya wavulana wa hali kama hiyo, ila kazi yake haikusomwa sana nje. Kwa hiyo Kanner hakuwa wa kwanza kuwaona. Makala yake ndiyo iliyoenea.

Makala hiyo ya 1943 ilieleza watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Alitaja mambo mawili yaliyowaunganisha. La kwanza ni kujitenga na watu tangu utoto wa mapema, na la pili ni kutaka kila kitu kibaki kama kilivyokuwa jana: njia ileile, sahani ileile, maneno yaleyale. Jina alilotumia linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi, na lilikuwa limetumiwa tangu mwaka 1911 kwa wagonjwa wengine wa akili. Yeye alilipa maana mpya. Mwishoni mwa makala aliandika kwamba watoto hawa wamezaliwa na hali hiyo.

Mkulima na kisima

Mwaka 1942 wazazi wa Donald walimweka kwa mkulima mmoja na mkewe, karibu na Forest, wakawa wanamtembelea na kumchukua. Mei 1945 Kanner alisafiri kwenda kumwona. Alichokiona huko aliendelea kukitaja hata uzeeni.

Donald alikuwa na hamu kubwa ya kupima vitu. Mkulima hakumzuia. Alimpa kazi ya kuchimba kisima, kisha akamtaka apime na kueleza kina chake. Donald aliokota ndege na wadudu waliokufa. Wakampa kipande cha ardhi kiwe makaburi, naye akaweka kibao juu ya kila kaburi na kuandika jina. Alihesabu mistari ya mahindi tena na tena bila kuchoka. Wakampa jembe la kukokotwa na farasi, ahesabu huku akilima. Kanner alimwona akilima mistari sita mirefu na kugeuza farasi vizuri kila mwisho wa mstari. Alikwenda shule ya kijijini, na huko tabia zake zilikubaliwa.

Wenyeji hao hawakuwa na shahada ya saikolojia. Walichofanya ni kutomwona mtoto kuwa ni balaa, na kuutafutia kazi ule mchezo wake uliowachosha wengine.

Kosa la daktari

Hapa ndipo hadithi inapogeuka. Katika makala yake Kanner alikuwa ameona kwamba wazazi wa watoto wale walikuwa wasomi: madaktari, wanasheria, maprofesa. Aliona pia kwamba baadhi yao walikuwa watu wakimya, wasio na maneno mengi ya mapenzi. Kadiri miaka ilivyokwenda alilitilia mkazo jambo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliwaeleza wazazi hao kuwa baridi, waliowalea watoto kama katika jokofu, na magazeti yakalidaka neno hilo.

Hakujiuliza swali ambalo mchuuzi yeyote angemuuliza: ni nani mwenye nauli ya kufika kwako? Kutoka Mississippi hadi Baltimore ni safari ndefu ya treni, na kliniki ilikuwa na gharama. Mtoto wa mkulima mweusi wa Mississippi mwenye hali ileile hakuwa na njia ya kufika mbele ya daktari yule. Walioonekana walikuwa wenye uwezo, ikadhaniwa kwamba usonji ni wa wenye uwezo. Mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould walichapisha utafiti wao wa watoto wa Camberwell, London, na ikawa wazi kwamba usonji uko katika nyumba za hali zote.

Lawama iliumiza watu. Katika miaka ya 1950 na 1960 mama aliyempeleka mwanawe kwa daktari aliweza kuambiwa kwamba yeye ndiye chanzo. Bruno Bettelheim wa Chicago aliieneza fikra hiyo katika kitabu cha mwaka 1967. Wapo watoto waliotengwa na mama zao kwa jina la matibabu. Aliyeanza kuibomoa fikra hiyo alikuwa mzazi, Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mtoto mwenye usonji. Mwaka 1964 alichapisha kitabu kuonyesha kwamba chanzo kiko katika maumbile ya ubongo, na Kanner mwenyewe akamwandikia utangulizi.

Kisha, mwaka 1969, Kanner alisimama mjini Washington mbele ya mkutano wa wazazi. Alidai kwamba maneno yake yalikuwa yamepotoshwa, lakini aliwatamkia waziwazi kwamba wao si wenye hatia. Wazazi walisimama wakampigia makofi. Wengine walikuwa wamelisubiri neno hilo kwa miaka 20. Alikuwa na miaka 75, na hakushindwa kulisema.

Walioishia wapi

Mwaka 1971 alichapisha kazi nyingine kubwa: alifuatilia wale watoto 11 wa mwanzo, ambao sasa walikuwa watu wazima. Matokeo yalimsikitisha. Wale waliopelekwa katika hospitali kubwa za serikali walikuwa wamezama. Vipaji vyao, kumbukumbu zao, hata ule ukaidi wao wa kupigania utaratibu, vilikuwa vimefifia. Kanner alikiri kwamba kuwafungia humo kulikuwa sawa na kuwahukumu kifungo cha maisha.

Waliobahatika ni wachache, na Donald alikuwa mmoja wao. Alihitimu chuo mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mjini kwao, akacheza gofu, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, na akasafiri katika nchi zaidi ya 30, Misri ikiwemo. Tabia zake hazikuisha. Mji wa Forest ulimzoea hivyo hivyo, ukamlinda na wageni wenye nia mbaya. Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 89. Fedha za familia zilimsaidia, hatutaficha. Lakini fedha hazikumfundisha kulima kwa farasi.

Kanner alifariki dunia Aprili 1981, akiwa na miaka 86. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba Aprili 2 ya kila mwaka iwe siku ya kuuelimisha ulimwengu juu ya usonji.

Tuliyoachiwa

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, si pepo, wala hautokani na chanjo. Ni namna ubongo ulivyojengeka tangu tumboni, na urithi wa damu una nafasi kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Soko la mpakani lenye watu elfu moja halikosi kuwa na kadhaa, hata kama hatuwaoni.

Katika familia zilizorudi kutoka ugenini husikika maelezo mengine: mtoto amechelewa kusema kwa sababu amechanganywa na lugha. Mtoto anayelelewa kwa lugha mbili au tatu anaweza kuchanganya maneno, lakini lugha nyingi hazileti usonji. Tazama mambo mengine. Je, ukimwita jina hugeuka? Akifikisha mwaka mmoja na nusu, hukunyooshea kidole kukuonyesha ndege au gari? Huleta kitu ili mkitazame pamoja? Je, amepoteza maneno aliyokuwa nayo? Huziba masikio sokoni na kulia kwa uchungu wakati wengine wanacheka? Ukiona kadhaa ya haya, mpeleke kituo cha afya mapema, bila kusubiri kwamba atasema mwenyewe. Mtoto anayeanza kufundishwa mapema hupata nafuu ya kuwasiliana, hata kama ni kwa picha na ishara.

Dawa ya kuufuta usonji haipo, na anayekuuzia moja anataka fedha yako tu. Kinachosaidia ni mafunzo ya subira, utaratibu wa siku usiobadilika ovyo, na mwalimu anayeelewa. Kumfunga kamba au kumficha chumba cha ndani wageni wanapokuja ni kurudia kwa mikono yetu yale yaliyowamaliza wale wa hospitali kubwa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jirani anayemwona mama huyo akihangaika na mtoto njiani huona wepesi wa kumlaumu malezi. Daktari mkubwa kuliko wote wa fani hiyo alifanya kosa hilo hilo, na ilimchukua zaidi ya miaka 20 kulifuta. Sisi hatuna sababu ya kungoja muda huo. Anayeweza kushika kitoto mkono wakati mama yake anagonga mhuri forodhani, na anayeweza kumpa kazi ya kuhesabu magunia mtoto anayependa kuhesabu, ameshaanza.